Mkono Uliokumbatia Hewa

Kidole kimoja kilikuwa kimebaki begani kwa marehemu. Mwili wote wa yule mwanamke ulikwisha kufutika, ufukwe umetulia, lakini kidole kiling'ang'ania shati. Aliikuza picha, akachota kipande cha shati kando yake, akakifunika.

Programu ya kuhariri picha alijifunza mwenyewe, kwa kubahatisha. Mara ya kwanza aliziba pengo kwa mawimbi, akajikuta ana mawimbi mapacha. Akarudia. Nyumba ilikuwa kimya hadi mbofyo wa kipanya ukasikika kama mtu anayebisha hodi.

Simu ikalia. Binti wa marehemu.

"Zile picha za safari za kazi zimefikia wapi? Jumapili ndugu wote wanakuja, na ukutani tuna ile ya kitambulisho tu. Baba anaonekana kama amekamatwa na polisi!"

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Zina uchafu kidogo. Nazisafisha."

"Usizisafishe sana ukamtoa na kitambi."

"Kitambi nitamwachia."

Hakusema ni uchafu gani. Watoto hawakuwa na kosa. Wamkumbuke baba yao bila doa. Hilo tu ndilo lililobaki la kumfanyia.

Akaendelea: mlimani, kivukoni, mbele ya hoteli yenye ngazi nyekundu. Kila mahali yule mwanamke, amemwegemea. Kila mahali akamfuta. Mkono wa marehemu uliokuwa kiunoni mwa mwanamke ukabaki umekumbatia hewa, ikabidi aukate na kumpa mwingine, wa picha ya pili, ulioshika mkoba. Tabasamu ndilo lililomshinda. Kila alipoligusa, liliendelea kumtazama mtu.

Kila picha aliyoimaliza aliihifadhi juu ya ile ya zamani, asije akashawishika kurudi nyuma.

Ya mwisho aliitazama hadi chai ikapoa. Mwanamke amevaa kofia ya marehemu, imemzidi, anacheka macho ameyafumba. Hakukumbuka kama aliwahi kupendeza hivyo. Akasogeza kipanya, akajiondoa.

Kisha akazituma zote. Jibu halikuchelewa.

"Asante sana, anti. Ofisi nzima ya baba ni wewe tu uliyetukumbuka. Mama anazitazama hapa, analia. Anasema kumbe maskini, safari zote hizo alikuwa peke yake."