Wimbo Uliorudi Kutoka Maktaba

Siku hizi maktaba ya chuo kikuu huazima nyimbo za kubembelezea watoto kwa ajili ya maonyesho, na wimbo ukishaazimwa humtoka mwenyewe kichwani mpaka urudishwe. Tangu Mashavu autoe wake, mwanawe Siwema hakulala ila kwa kilio. Jana alirudishiwa, akakimbilia nyumbani, akaimba: “Lala, Zubeda wa mama.”

Wifi yake Tunu akaangua kicheko. “Wamekupa jina la mwana wa watu, wifi. Karudishe.”

“Nirudishe nini, wifi? Hebu mtazame.”

Siwema alikuwa amelala fofofo. Mashavu akaendelea kuimba kwa sauti ya chini, akiomba kwamba huko aliko Zubeda, naye awe na wa kumwimbia, japo kwa jina la Siwema.