Mhanga Aishiwa Habari za Jarida

Mhanga, mnyama mchimba mashimo ya kupangisha, alikuwa akiwasomea wapangaji wake jarida la wiki aliloliandika mwenyewe, kwa madaha tele, mara Ngiri, mmoja wa wapangaji hao, akammalizia sentensi. Kumbe lilikuwa lile lile la wiki iliyopita! Wakacheka, wakatawanyika, akabaki peke yake na karatasi yake.

Akafunga safari kutafuta habari mpya. Akavuka mbuga tatu asipate hata mstari mmoja. Aliporudi, hakuna aliyejua kwamba aliondoka. Akapiga hodi kwa Ngiri.

“Ndugu yangu, niandike nini ili mrudi kunisikiliza?”

“Shimo langu linavuja tangu masika,” Ngiri akajibu. “Kila nikija kukwambia, unanisomea jarida. Andika siku utakayokuja kuliziba.”