Mche Uliosubiri Giza

Waombolezaji walipoondoka, Salha alibaki na mche wa bangi katika chumba kimoja alichoishi na mama yake. Ulikuwa na majani tele, bila ua hata moja.

Muuzaji wa mbegu alikuwa amempa achague: mbegu inayochanua yenyewe ikifikia umri wake, au ile isiyochanua mpaka ipate giza refu kila usiku, lakini huzaa zaidi. Ili kutuliza maumivu ya mama, alitaka bangi nyingi, akachukua ya pili.

Kila jioni, mama akiwa bado hai, Salha aliuliza, "Mama, nizime taa?"

"Usizime, mwanangu. Gizani maumivu yanazidi." Kisha mama alicheka. "Na huo mti wako, mvivu kama baba yako!"

Ile mbegu nyingine isingejali taa.

Salha aligusa swichi, akaacha kidole pale, taa ikiendelea kuwaka juu ya kitanda kitupu.