Mkwe Alipotoka

Bibi Melania aliweka kiganja kwenye chembe cha moyo. "Ni hapa tu, daktari." Miaka sabini na mitatu, amepakiwa bodaboda kutoka Mbuba, magoti ameyakunja, jasho linamtiririka.

Nikabonyeza hapo. Laini. Hakushtuka hata kidogo.

Ila kitenge alikuwa amekishikilia kwa nguvu, na macho hayamtoki mlangoni, kwa mwanamume aliyemleta.

"Wewe ni mwanawe?"

"Hapana. Nimemuoa binti yake."

Nimezaliwa Ngara hii hii, na bado ilinichukua muda kuelewa! Mbele ya mkwe, mama wa huku hana kitu chini ya kitovu.

"Kaka, subiri nje kidogo."

Mlango ulipofungwa, bibi alinishika mkono akaushusha mwenyewe, polepole, hadi chini ya kitovu, upande wa kulia. Palikuwa pagumu kama parachichi bichi. Altrasaundi ikamaliza ubishi.

"Bibi, kifuko cha mayai kina uvimbe, na kimejisokota. Kwa umri wako ni nadra, lakini tumekiwahi. Tunakupasua sasa hivi."

"Mayai?" Akacheka huku akiugulia. "Mpaka leo?"

Kisha akanivuta karibu. "Mkwe mwambie ni chembe cha moyo."