Mandolini Mbili, Asiimbe Mtu

Siwema aliweka sharti moja tu: kwenye shughuli ya binti yake, Ummy, taarabu ipigwe lakini asiimbe mtu.

Kariakoo nzima ilijua sababu. Kwenye harusi ya binti wa kwanza, mwimbaji alipofika kwenye kijembe, Nasreen, mke mwenza wa Siwema, aliinuka kwenda kutuza huku akimkazia macho mwenzake. Meza zilipinduka. Safari hii mama wa bwana harusi alishasema kabisa: hawa wakigombana tena, kesho ndoa haifungwi.

Basi wakaletwa wapiga mandolini wawili. Abdulatif wa Ilala, mkongwe wa taarabu, na Elibariki, Mchaga muuza vifaa vya simu pale Msimbazi, aliyejifunza mtandaoni blugrasi, muziki wa mashambani huko Marekani. Hawakupanga nyimbo. Mmoja alitupa, mwenzake akadaka. Taarabu ilijivuta kwa maringo, blugrasi ikaifukuza mbio, na kwa kweli ilikuwa raha tupu. Hata mashangazi wenye magoti mabovu walicheza.

Nasreen alikaa mbele, kajitanda mtandio wa zari, anatabasamu. Shangazi mmoja alimsalimia, hakuitikia. Watu walipopiga makofi, aliwaangalia kwanza, ndipo naye akapiga.

Kitumbua cha Siwema kikaanza kuingia mchanga. Kuna kipande Elibariki alikipiga, Abdulatif akakijibu, wakawa wanakirudia. Siwema alikisikia vizuri sana. Kilimsema yeye, na uzee wake, na mume anayelala kwa mke mdogo siku ambazo si zamu yake.

"Kawahonga hawa," alimwambia mdogo wake, Najma.

"Dada, mbona hawaimbi?"

"Mwangalie anavyocheka. Kila neno linamwingia."

Najma alimshika mkono, akamsihi amfikirie Ummy. Mama wa bwana harusi alikuwa meza ya pili tu. Siwema akajikaza, akanywa maji, akamwomba Mungu. Kipande kikarudi.

Alichomoka kitini, akamvamia mwenzake, akavuta mtandio kwa nguvu zake zote. Mandolini zikanyamaza. Mama wa bwana harusi alichukua mkoba wake, akawaambia watu wake waondoke.

Siwema alibaki na mtandio mkononi. Masikio yote mawili ya Nasreen yalikuwa yamezibwa kwa pamba.