Ulaya na Uchina Hawasalimiani

Ulaya aliuchomoa waya wa projekta Uchina akiwa bado anazungumza. Ukuta ukabaki mweupe. Waliokuwa wanasinzia viti vya nyuma wakainua vichwa.

"Muda wako umekwisha," alisema Ulaya.

"Sijamaliza."

"Wewe hujawahi kumaliza kitu."

Hakuna aliyecheka. Mwanzoni walikuwa wakicheka. Darasa lao la uzamili katika uhusiano wa kimataifa lilikuwa na watu wa kila namna, kuanzia waliotoka moja kwa moja shahada ya kwanza hadi maafisa wa forodha waliochoka kugonga mihuri, na kila wawili walipewa utafiti mmoja. Hawa walipangiwa kuchunguza jinsi Ulaya na Uchina zinavyogombea kujenga bandari katika nchi changa. Mmoja akachukua upande wa Ulaya, mwingine wa Uchina, na majina yakawaganda.

Utani huo ulichacha mapema. Maktabani hawakukaa meza moja. Kitabu alichokishika mmoja, mwenzake hakukigusa hata kama alikihitaji. Uchina alipougua akakosa vipindi wiki nzima, darasa zima lilituma salamu za pole. Ulaya hakutuma hata neno.

Uchina aliporudi, alimzuia Ulaya kwenye ngazi za kitivo.

"Hata salamu hunipi?"

"Hapa sote ni wanafunzi. Nisalimie wewe."

"Kiburi hicho kitakuponza."

"Sikukiokota njiani."

Uchina akavuta pumzi. "Vyuo vimejaa tele. Kwa nini ulikuja kuomba hapa hapa?"

"Chuo hiki ni chako?"

"Nilikuwa na nafasi yangu hapa kabla yako. Uliyeniondoa ni wewe."

"Sikukuomba unipishe," alisema Ulaya, akampita kwa bega.

Waliosikia wakapeleka habari, na waliopelekewa wakatia chumvi. Wengine walisema wawili hao waliwahi kugombea kazi moja wizarani, wengine wakasema walinyang'anyana mchumba. Wenyewe hawakukanusha wala kukubali.

Kisha likaja jambo la kugombea kweli. Mhadhiri mgeni, aliyeletwa muhula huo kuongoza mradi wa utafiti, alitangaza kwamba anatafuta msaidizi mmoja. Msaidizi huyo angekaa mwaka mmoja Ulaya na mwaka mmoja Uchina, akipekua nyaraka na kuwahoji waliosaini mikataba. Ilikuwa nafasi ya kumtoa mtu gizani. Mhadhiri angemchagua kwa kusikiliza mawasilisho, na ndiyo maana siku hiyo waya ulichomolewa.

Ulaya aliuchomeka kwenye kompyuta yake, akasimama mbele.

"Ulaya inatoa kwa masharti," alianza, "lakini masharti yake yameandikwa, unayasoma kabla hujapokea. Uchina haikupi sharti. Inakujengea, inanyamaza. Halafu maisha yako yote inakukumbusha ilichokufanyia." Hakuwa anaitazama hadhira. Alikuwa anamtazama Uchina. "Na ukitaka kupumua kidogo, unaitwa mtovu wa shukrani."

"Afadhali anayekumbusha," Uchina alijibu bila kuruhusiwa. "Kuna anayepokea kila kitu, kisha anapanda juu ya gati alilojengewa, anamtukana fundi."

"Fundi hakumuuliza kama analitaka hilo gati."

"Angemuulizaje? Alikuwa na mdomo wa kujibu?"

"Rudini kwenye takwimu," mhadhiri alisema, akigonga meza kwa kalamu.

Walirudi. Na hapo, hata wasiowapenda walikiri moyoni kwamba hawakuwa wamesikia kazi ya namna ile tangu waanze masomo. Hoja za Uchina zilikuwa nzito, zilizokaa muda mrefu kifuani kabla ya kuandikwa. Za Ulaya zilikata kama wembe.

Mchana mhadhiri aliwaita wote wawili ofisini. Palikuwa na viti viwili mbele ya meza. Uchina alikaa. Ulaya alibaki wima, mgongo ukiwa kwenye kabati la mafaili.

"Sitawazungusha," mhadhiri alisema. "Nafasi ni ya Uchina."

Ulaya aliuma mdomo. Uchina alifumba macho, akayafumbua, akashukuru kwa sauti ya mtu aliyebeba mzigo hadi mabega yamekufa ganzi.

"Lakini nimezungumza na wafadhili," mhadhiri aliendelea. "Wako radhi kumpeleka na mtu wa pili, ilimradi yule wa kwanza akubali kufanya naye kazi." Akamgeukia Uchina. "Kwa hiyo uamuzi ni wako. Mtakwenda pamoja?"

Ulaya aliliachia kabati, akasogea hatua mbili, na kile kiburi chote kikamtoka usoni.

"Nakuomba," alisema, kwa sauti ambayo darasani hakuna aliyewahi kuisikia.

Uchina alichukua mkoba wake sakafuni. Alijifanya anatafuta kitu ndani, akaufunga, akasimama.

"Hapana. Safari hii nakwenda peke yangu."

Ulaya aligeuka dirishani. Mhadhiri akavua miwani.

"Nimefundisha wengi," alisema taratibu, "sijaona mwenye kipaji kama cha huyu. Neno moja tu kutoka kwako na maisha yake yanabadilika. Mimi chuki za wanafunzi nazijua, ila hii imenishinda. Unamfungia mlango mwenzako kwa uchungu gani?"

Uchina alikuwa ameshashika kitasa.

"Wa kumzaa," alijibu, akatoka.