Ameachishwa

Sikudhani alikuwa amefua mashuka ya hospitali miaka kumi na tisa. Asubuhi hiyo aliitwa ofisini, akasukumiwa karatasi iliyoandikwa: "Sikudhani Mbaruku ameacha kazi."

"Weka dole gumba hapa, mama," alisema msimamizi, akimsogezea wino.

"Mimi sikuacha. Umenifukuza kwa sababu nilidai glavu."

"Ni neno tu hilo."

Vidole vyake, vilivyochunwa na dawa ya kufulia, vilikwapua kalamu mezani. Akaikata herufi ya mwisho ya "ameacha", kisha juu yake akaandika taratibu: "ishwa".

Msimamizi alinyoosha mkono aichukue karatasi. Sikudhani akaifunika kwa kiganja chake chenye vidonda, akamkazia macho.